Ekrani inapepesa? Usikimbilie kununua ingine

Leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya udongo. Nataka kuwaeleza jambo moja lililonisumbua karibu mwezi mzima kule Masako na kunipotezea data ya usiku nne: ekrani ndogo iliyokuwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima haraka-haraka mpaka namba hazisomeki vizuri.

Najua wengine watauliza, mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye mambo ya draiva? Lakini tuseme ukweli. Siku hizi wengi wetu tunajitengenezea vifaa vya kupimia: joto la hewa, unyevu wa udongo, mashine ya kuangulia mayai. Kituo cha hali ya hewa cha kununua tayari kiko na bei ambayo mwanafunzi wa kwetu hawezi. Basi tunanunua ESP32 au Arduino, kipima joto na ekrani, tunakopi programu kwenye intaneti, tunaanza kazi. Siku ekrani inaanza kupepesa, hakuna fundi wa kuita pale msituni. Njo maana naandika.

Ilivyonipata

Masako wengi mnaijua. Ni hifadhi ya msitu iliyo karibu kilomita 14 kutoka Kisangani mjini, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kwenye kona ya mto Tshopo. Promosheni nyingi za UNIKIS zimefanyia utafiti huko: wa panya, wa ndege, wa miti. Mimi nilitaka kulinganisha joto na unyevu wa hewa chini ya msitu mkubwa na ule wa shamba lililoachwa lipumzike. Nikatengeneza masanduku mawili yanayofanana. Ndani ya kila moja: ESP32, kipima joto na unyevu aina ya DHT22, ekrani ya rangi yenye chipu ya ILI9341, kadi ya memori na betri. Kila dakika 10 kifaa kinaandika mstari mmoja kwenye kadi.

Ekrani ilikuwa ya nini basi, kama kadi inaandika yenyewe? Ilikuwa kwa ajili ya papa mmoja wa kijiji aliyenisaidia. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni alipita, akasoma namba, akaandika kwenye daftari. Kadi ikiharibika, karatasi inabaki.

Wiki ya kwanza nikafungua daftari, nikakuta unyevu wa asilimia 68, asubuhi na mapema, chini ya msitu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Haiwezekani. Kadi ilisema 98. Nikamuuliza papa kwa heshima kama hakukosea. Akanijibu: "Mwanangu, ile kitu iko inafunga macho na kufungua. Mimi naandika kile naona."

Hakuwa na kosa. Ekrani ilikuwa inapepesa vile kwamba 9 na 6 zilifanana.

Makosa yangu mawili

Kosa la kwanza: nilisema ekrani imekufa. Nikarudi mjini, nikanunua ingine kwa pesa ambayo ingelipa safari kadhaa za moto mpaka Masako. Nikaiunga. Ikapepesa sawasawa na ile ya kwanza.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mtu mmoja kwenye grupu ya simu aliniambia: "Ongeza speed ya SPI." SPI ni zile nyaya chache ambazo ESP32 inatumia kupeleka picha kwenye ekrani. Nilikuwa kwenye megahezi 8, nikapandisha mpaka 40. Kupepesa kukapungua sana. Nikafurahi, nikafunga masanduku, nikaenda zangu.

Siku nne nyuma yake nikarudi. Kwenye sanduku la msitu, faili la kadi lilikuwa na mistari iliyokatika katikati, kisha alama zisizosomeka, kisha hakuna kitu. Usiku nne. Na usiku ndio wakati papa hakupita, kwa hiyo daftari nalo halikuweza kuniokoa.

Sababu niliielewa baadaye. Kwenye moduli nyingi za aina hii, tundu la kadi liko nyuma ya ekrani, na nilikuwa nimeunga vyote viwili kwenye nyaya zilezile za SPI. Nilipopandisha kasi, nilipandisha kwa wote wawili. Nyaya zangu zilikuwa ndefu, zile za kuchomeka tu, na kwenye nyaya kama hizo ishara ya megahezi 40 inafika imechakaa. Ekrani ikipokea biti moja mbaya, inaonyesha nukta moja ya rangi isiyo yake, kisha inafunikwa na picha inayofuata. Kadi ikipokea biti mbaya, orodha ya mafaili inaharibika. Ekrani inasamehe, kadi haisamehe. Na zaidi ya hapo, karatasi za mtengenezaji wa ILI9341 zinataka mpigo mmoja wa kuandika usipungue nanosekunde 100, ambayo ni megahezi 10. Wengi wanavuka hapo na mara nyingi inakubali, lakini hakuna aliyewaahidi kwamba itakubali.

Kijana wa Mangobo

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja anayetengeneza simu kule Mangobo. Alishika kifaa, akaangalia kidogo, akaomba kuona programu kwenye kompyuta yangu.

"Yaya, ile ekrani ni nzima," akasema. "Ni weye unaifuta."

"Naifuta namna gani?"

"Angalia. Kila mara unapaka nyeusi yote, kisha unaandika tena. Mwalimu akitaka kubadilisha namba moja kwenye ubao, anafuta ubao muzima?"

Nilicheka, lakini haya ilinishika. Alikuwa na haki. Sasa niwaeleze kwa nini, maana ukielewa hapa, mengine yote yatakuwa mepesi.

Nani anachora, nani anaonyesha

Neno draiva lina maana mbili, na tunazichanganya. Kuna chipu iliyobandikwa kwenye kioo chenyewe. Kwangu ilikuwa ILI9341. Halafu kuna programu ndani ya ESP32 inayozungumza na ile chipu. Ya kwanza inaonyesha, ya pili inachora.

Chipu ya ILI9341 iko na memori yake yenyewe, ya kutosha picha nzima ya pikseli 240 kwa 320. Ukishapeleka picha mara moja, chipu inaendelea kuisoma na kuionyesha kwenye kioo yenyewe, kama mara 70 kwa sekunde kwa mpangilio wake wa kiwandani. Hata ESP32 ikilala usingizi, picha inabaki palepale mradi umeme uko. Kumbe hatuna lazima ya kuchora kila wakati. Ekrani haisahau.

Sasa fanya hesabu. Pikseli 240 mara 320 ni 76.800. Kila pikseli inachukua baiti 2, jumla baiti 153.600, sawa na biti 1.228.800. Kwa megahezi 8, kupaka ekrani yote nyeusi kunachukua karibu milisekunde 154. Kwa muda huo, chipu inakuwa imeonyesha memori yake kama mara 10. Mara 10 jicho linaona ekrani yenye sehemu nyeusi, kisha maandishi yanarudi. Programu yangu ilifanya hivyo bila kupumzika. Huko ndiko kupepesa kwenyewe.

Kwa megahezi 40, ile kazi inachukua karibu milisekunde 31. Ndiyo maana kupepesa kulipungua bila kuisha: nilikuwa bado nafuta ubao, ila kwa mkono wa haraka zaidi.

Na kuna jambo la kuchekesha. DHT22 haiwezi kutoa kipimo kipya kabla ya sekunde 2 kupita. Yaani nilikuwa nafuta na kuandika tena namba ileile, mara nyingi, bila kitu chochote kipya cha kuonyesha.

Dawa yake

Nilibadilisha mambo matatu, na hakuna hata moja lililoniomba franka.

Moja: usichore kama hakuna kilichobadilika. Weka namba ya zamani kwenye kumbukumbu, linganisha na mpya. Zikifanana, acha ekrani yako ipumzike.

Mbili: fremu, majina na mistari chora mara moja tu, kifaa kinapowaka. Baada ya hapo gusa mahali pa namba peke yake. Mahali pangu palikuwa na pikseli 96 kwa 32, yaani 3.072. Ni mara 25 chini ya ekrani nzima. Kwa megahezi 8 zilezile, kazi inaisha kwa milisekunde 6 hivi.

Tatu: usifute kabla ya kuandika. Kwenye maktaba ya Adafruit GFX ambayo wengi tunatumia, amri ya setTextColor inakubali rangi mbili: ya maandishi na ya nyuma yake. Ukiipa zote mbili, kila herufi mpya inafunika ya zamani palepale. Lakini angalia mitego miwili. Kwanza, namba ikifupika, kwa mfano kutoka 100 kwenda 98, tarakimu ya mwisho ya zamani inabaki pembeni; ongeza nafasi tupu ili urefu uwe uleule. Pili, ukitumia fonti za kuongeza, zile nzuri, rangi ya nyuma haifanyi kazi. Hapo chora namba kwanza kwenye kanvasi ndani ya memori ya ESP32, kisha ipeleke mara moja kwenye ekrani. Wenye Arduino Uno wakumbuke kwamba ina kilobaiti 2 tu za memori: kanvasi ya rangi ya pikseli 96 kwa 32 inaomba baiti 6.144, haiingii. Ile ya rangi mbili tu, pikseli moja kwa biti moja, inaomba baiti 384, na inaingia.

Nilirudisha kasi kwenye megahezi 8. Ekrani ikatulia kabisa. Na kadi ikaandika vizuri.

Lakini kwako inaweza kuwa sababu ingine

Hapa njo nataka tusimame kidogo, maana sio kila kupepesa kunatoka kwenye kuchora. Na ni hapa mtu wa agronomia anaweza kuwa na faida juu ya wengine. Sisi tulifundishwa kufanya jaribio: unaweka kipande kimoja cha shamba ambacho hukigusi ili ulinganishie, kisha unabadilisha kitu kimoja tu. Huwezi kutia mbolea, kubadilisha mbegu na kuongeza maji siku moja, halafu useme mbolea imefaa. Kwa shamba tunajua hilo. Kwa ekrani nilisahau: nilibadilisha ekrani, nikabadilisha kasi, na sikujua nini kinaponya nini.

Basi fuata mpangilio huu, jambo moja kwa wakati, na andika matokeo kwenye daftari.

1. Tengeneza kipande cha kulinganishia. Andika programu fupi inayochora picha moja isiyobadilika, kisha inasimama, haifanyi kitu tena. Kupepesa kukiisha, tatizo liko kwenye namna programu yako inachora. Rudi juu usome ile dawa. Kukiendelea, tatizo liko kwingine: usiguse tena programu ya kuchora, endelea na namba 2.

2. Angalia taa ya nyuma. Watu wengi wanapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka sana, ile njia inaitwa PWM. Kama inafanya mara 100 au 200 tu kwa sekunde, wengine wataona inapepesa, hasa ukisogeza macho. Chukua simu, fungua kamera, elekeza kwenye ekrani: ukiona mistari myeusi inatembea, mshuku huyo. Toa waya wa taa kwenye pini ya PWM, uunge moja kwa moja kwenye volti 3,3, kama moduli yako inaruhusu. Ikitulia, rudisha PWM lakini pandisha mpaka maelfu ya mara kwa sekunde. ESP32 inaweza bila shida.

3. Angalia umeme. ESP32 ikiwasha Wi-Fi inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na volti zinashuka, na taa ya ekrani inashuka nazo. Zima Wi-Fi kwenye programu, uone. Jaribu betri iliyojaa. Kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na ekrani inasaidia mara nyingi. Angalia plus na minus kabla ya kulehemu.

4. Gonga sanduku kwa kidole, polepole. Ekrani ikiruka, ni mguso mbaya wa nyaya. Kwenye msitu kama wa Masako hewa ina maji mengi, vichwa vya nyaya vinashika kutu upesi. Nyaya fupi zilizolehemiwa ni bora kuliko ndefu za kuchomeka.

5. Hakikisha chipu ni ile uliyoambiwa. Moduli mbili zinaweza kufanana kwa nje, moja ina ILI9341, ingine ina chipu tofauti. Draiva ya programu inapeleka mipangilio ya kuanzia, na ikiwa si ya chipu ile, picha inaweza kutoka lakini na rangi mbaya au inatetemeka. ILI9341 ya kweli ukiiuliza kwa amri ya D3, inajibu na tarakimu 93 na 41 ndani yake, mradi waya wa kurudisha majibu umeungwa.

6. Mwisho kabisa, mipangilio ya kioo chenyewe. Kioo cha LCD kinageuza-geuza umeme wake, plus na minus, ili kisiharibike. Volti ya katikati, inayoitwa VCOM, ikiwa haikukaa sawa, pande mbili hazilingani na unaona kutetemeka, hasa kwenye rangi ya kijivu. Kwenye ILI9341 inarekebishwa kwa rejista C5 na C7, na idadi ya picha kwa sekunde kwa B1. Andika thamani za mwanzo kabla ya kugusa.

Mnaona kasi ya SPI haiko kwenye orodha. Sio kwamba ni mbaya. Ukiwa na nyaya fupi, na kadi iko na nyaya zake peke yake au kasi yake yenyewe, pandisha. Lakini ifanye mwishoni, na kagua faili la kadi kabla ya kuondoka, usifanye kama mimi.

Neno kwa wenye ekrani kubwa

Yote haya ni kwa ekrani yenye memori yake. Ziko zingine, mara nyingi za inchi 4 au zaidi, zinazoungwa kwa nyaya nyingi sambamba, na hazina memori kabisa. Kwa hizo, ESP32-S3 au kompyuta ndogo yoyote lazima ipeleke picha bila kukatika. Ikishughulika na Wi-Fi au kuandika kwenye memori, ikichelewa kidogo tu, picha inaruka au inasogea pembeni. Huko dawa ni tofauti: punguza kasi ya pikseli ili memori iweze kufuata, na usiandike mambo mengine mengi kwa wakati uleule. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, jiulize swali la kwanza: ekrani yangu iko na memori yake, ndiyo au hapana? Watu wawili wanaweza kusema "inapepesa" na kila mmoja akahitaji kinyume cha mwenzake.

Zile usiku nne

Rafiki mmoja aliniambia niweke wastani wa usiku uliotangulia na uliofuata, hakuna atakayejua. Nilifikiri juu ya papa wa Masako, aliyeandika 68 kwa sababu ndiyo aliyoiona, na hakutaka kubuni. Nimeacha mistari ile tupu kwenye jedwali langu, na chini yake nimeandika sababu: kasi ya SPI ilibadilishwa, kadi ikaharibika. Inauma, lakini ni kweli.

Wiki iliyopita nilimletea papa kifaa kilichotulia. Alikishika, akakiangalia muda mrefu, akasema: "Sasa haifungi tena macho." Kisha akachukua kalamu yake.

Ekrani ile ya pili niliyonunua bure bado ninayo nyumbani, nzima kabisa. Na ile ya kwanza, niliyosema imekufa, iko inafanya kazi kwenye sanduku la msitu mpaka leo. Kama yako inapepesa, fanya jaribio la kwanza leo jioni, lile la picha moja isiyobadilika. Halichukui nusu saa, halikuombi franka, na litakuambia mfuko wako ukae umefungwa au ufunguke.